Umati Una Miguu

Mashindano ya ngoma za Wasukuma, yanayofanyika baada ya mavuno Misungwi, Magu, Kwimba na kwingineko Usukumani, yana kanuni moja: vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, na penye watu wengi ndipo penye ushindi. Hakuna jaji wala karatasi ya alama. Vyama hivyo viliasisiwa na Ngika na Gumha, waganga wote wawili, ambao inasimuliwa kuwa walibishana nani ana dawa kali.

Mengine huachiwa bahati, na bahati hutafutiwa dawa. Manju hutunga wimbo miezi kadhaa, akaupanga ubeti kwa ubeti. Siku ya siku, upande wa pili unafungua gunia na kutoa chatu. Umati unahama na vumbi lake. Manju anabaki na ubeti wa tatu, watoto wanne na muuza karanga, ambaye naye anafunga beseni.

Ughaibuni bahati haikutiwa dawa. Mwaka 1913 Mfaransa Marcel Duchamp alianza kudondosha nyuzi tatu za mita moja kutoka kimo cha mita moja, akazigandisha zilivyoanguka. Sasa zimo katika makumbusho New York. Mwaka 1951 Mmarekani John Cage alirusha sarafu kuchagua sauti za piano. Wote wawili walisifiwa kwa kutochagua. Manju aliyekimbiwa husema tu kwamba mwenzake alikwenda kwa mganga wa mbali zaidi.