Tuigawe au Tuiache Nzima?

Hadi diski yangu mpya iko juu ya kabati, imerudishwa kwenye nailoni yake, na mimi siruhusiwi kuitumia mpaka nijibu swali. Swali lenyewe fupi tu. Kaniuliza kijana wa juzi, fundi wa Kariakoo, kofia kageuza nyuma, bisibisi kaweka sikioni. "Mzee, hii tunaigawa au tunaiacha nzima?"

Mzee! Mimi! Na dukani kumejaa watu.

Nikamjibu kwa sauti nzito, kama mtu mwenye kompyuta zake tatu. "Wewe niwekee tu ya kawaida." Kijana akanitazama. Kulikuwa na dada kaleta printa yake, akainamisha uso, mabega yanamtikisika. "Hakuna ya kawaida, mzee. C peke yake, au C na D?" Nikasema ngoja nikafikirie. Nikafikirie nini, sijui. Nikaipakata diski yangu mpaka Mbagala, konda ananiambia nisogee, mimi nashika kifua.

Na hapo tayari nilikuwa nimeshaibiwa, au nilidhani hivyo. Boksi limeandikwa tera moja. Tera moja ni GB 1,000, hata mimi najua. Kijana alipoichomeka kujaribu, kompyuta ikasoma 931. Nikapiga kelele. GB 69 zangu ziko wapi? Duka zima likageuka. Fundi akanieleza polepole, ile polepole ya kumweleza mtu babu yake: kiwandani wanahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, baiti zote zipo, trilioni moja kamili, ila vipimo viwili havielewani. Nikaitikia haraka ili yule dada wa printa asiendelee kufaidi. Nyumbani nikamsimulia mama watoto. Akauliza, "Na wewe ukasema asante?" Nilisema asante.

Halafu mbona herufi zinaanzia C? Usiulize. Mimi niliuliza. Kumbe A na B zilikuwa za flopi. Flopi zimekufa zamani na herufi zao hazina mrithi. Mwaka 1983 IBM walitoa kompyuta yao ya XT ikiwa na hadi diski ya MB 10. Kumi, bwana! Picha chache za simu ya leo na imejaa. Baadaye diski zikakua, lakini enzi za Windows 95 ya mwanzo patisheni moja, yaani kipande kimoja cha diski, haikuruhusiwa kuzidi GB 2, kwa hiyo ukinunua kubwa zaidi unagawa, utake usitake. Hao walikuwa na raha. Mimi wa leo nimeachiwa uhuru, na uhuru ndio unaoninyima usingizi.

Basi nikaanza kuomba ushauri. Baba Zuhura, jirani yangu, yeye ni gawa, gawa, gawa. Anasema kompyuta yake iliwahi kugoma kuwaka, ikapelekwa kupigwa windo upya, fundi akafomati kila kitu, picha za harusi zikaenda na maji. Angekuwa na D, fundi angefuta C na vitu vyake vingebaki salama. Anasimulia macho yamelowa. Nikatoka pale nimeshaamua kugawa.

Nikakutana na mpwa wangu, yuko chuo, anasomea mambo hayo hayo. "Shikamoo anko. Kugawa ni uzee." Nikameza. Akaendelea: Windows, programu, vitu unavyodaunlodi, takataka za desktopu, vyote vinakimbilia C. Miezi michache C nyekundu, D imelala inapigwa upepo.

Na hapo alinigusa kidonda. Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa hivyo hivyo. C imejaa mpaka inakataa kufungua barua, D ina folda moja tu, MUZIKI WA ZAMANI. Nikasema mimi si mjinga, napunguza D naongeza C. Nikapunguza D. Nafasi ikatokea, naiona kwa macho yangu. Nikaenda kwenye C kubofya kuongeza. Kitufe cha kijivu. Bofya. Kijivu. Nikabadilisha mausi. Kijivu. Mpwa akaja kunieleza, huku anakula chakula changu, kwamba nafasi lazima iwe imegusana na C, upande wake wa kulia. Yangu ilitokea mwisho kabisa, nyuma ya D. D imekaa katikati, haipishi. Nafasi ni yangu na siipati.

Nikaleta suala mbele ya familia. Sijui nani alinituma. Nikajiropokea kwamba diski za siku hizi, ukizipanga kwa mtindo mpya wa GPT, Windows inakubali hadi patisheni 128. Mama watoto akasema D ni yake, ataweka hesabu za kikundi cha kukopeshana. Binti akachukua E. Wa mwisho, hata kusoma bado, akaomba F ya katuni. C ikabaki ya Windows. Nikauliza, mimi nakaa wapi? Kimya. Mama watoto akanipooza: "Wewe una fleshi."

Fleshi yenyewe haina kifuniko.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Mpwa alinifungulia laptopu yake, ile isiyogawanywa, ya kisasa, nzima. Nikaona vipande vitatu! Kumbe Windows ikishapigwa inajikatia yenyewe: kipande cha kama MB 100 cha kuwashia, kingine cha kujitibu ikiumwa, hivyo C inakuta wenzake wameshajenga. Mimi nahangaika mtaa mzima kuuliza nigawe au nisigawe, Windows wala haina habari na mimi.

Tena nilivyomrudia Baba Zuhura, nimeongozana na mpwa, na kumwambia D ndiyo usalama wetu, mpwa akacheka. Akasema chumba cha kupanga ukikigawa kwa pazia unapata sebule, sawa, wageni wanakaa, lakini bati ni lile lile na likivuja linalowesha pande zote mbili. D inakuokoa Windows ikiharibika. Diski yenyewe ikianza ule mlio wa tik, tik, tik, C na D zinaondoka pamoja. Na virusi vya kufunga mafaili vikiingia, vinapita herufi zote. Baba Zuhura hakufurahi. Chai hakunikaribisha.

Sasa nimeamua, maana fundi ananipigia simu na mimi sipokei. Tunagawa mara mbili tu. Windows 11 yenyewe inadai GB 64 kama kianzio, na najua inavyonenepa, kwa hiyo C ipewe GB 300 isije ikanifanyia kijivu tena. Zilizobaki ni D, na mama watoto apewe folda, si herufi. Hilo la folda bado sijamwambia.

Limebaki moja. Picha zinatakiwa ziwe na nakala kwenye diski nyingine, ya pembeni, isiyokaa ndani ya kompyuta. Hela ya diski nyingine sina, hii yenyewe nimenunua kwa mkopo wa kikundi cha mama watoto. Kwa hiyo msomaji wangu, kama una ekstano imelala kabatini, hata ya GB 500, hata inayosoma pungufu, niazime. Nitairudisha nzima. Sitaigawa.