Sifa za Kosa la Sarufi

Wengine wamesifu wali wa nazi, wengine watawala. Mimi, mwalimu wa Kiingereza chuo kikuu, nalisifu kosa la sarufi, hususan ile S inayotoroka mwishoni mwa kitenzi cha nafsi ya tatu umoja.

Hakuna mwekezaji aliyetuletea ajira kama S hiyo. Ikidondoka, mimi napata cha kuzungushia wino mwekundu. Idara inapata sababu ya kuwapangia mwaka wa kwanza kozi ya stadi za mawasiliano. Mhariri wa tasnifu anatoza kwa ukurasa, dada wa steshenari anachapa upya, na mkubwa fulani anaandaa semina ya kuporomoka kwa Kiingereza, yenye posho, chai ya saa nne na sambusa mbili kwa kila mshiriki. S ikirudi, sambusa zile ataandaliwa nani?

Kosa pia hubana matumizi ya wino. Tena lina upole: halishikilii jinsia. Kwa kuwa Kiswahili hakitenganishi wa kiume na wa kike katika nafsi ya tatu, juzi nilisoma insha ambamo bibi wa mwandishi alianza akiwa mwanamume, akageuka mwanamke aya ya pili, akazaa watoto saba, akazikwa mwanamume.

Ukurasa wa nne sikucheka. Kijana alikuwa anajenga hoja nzito juu ya shamba la huyo bibi na nani alistahili kulirithi, hoja ikakatika, maneno yamemwishia. Miaka saba ya shule ya msingi alisoma kila somo kwa Kiswahili, isipokuwa Kiingereza chenyewe. Kidato cha kwanza akakuta baiolojia ubaoni kwa Kiingereza, akanakili. Tangu hapo ananakili tu! Tume ya Rais ya Elimu ya 1982 ilipendekeza sekondari zifundishe kwa Kiswahili kuanzia 1985; serikali ikakataa. Mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, wakakuta Kiingereza cha wanafunzi hakitoshi kusomea, na bado wakashauri kiendelee kutumika kufundishia. Sera ya elimu ya 2014 ikakifungulia Kiswahili mlango wa ngazi zote, lakini hadi leo sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza.

Halafu sisi tunamkata kijana alama mbili kwa S.

Mwenye kalamu nyekundu ya ziada aipeleke wizarani.