Chai ya Maziwa Isiyojua Ng'ombe

Mama, Mjomba, na ninyi wengine wote,

Huku Taiwan kuna kikombe cha kunusa tu. Sitanii. Mzee mmoja mwenye kishamba chake cha chai hapa Alishan alimimina chai kwenye kikombe chembamba kirefu, akakifunika kwa kingine kifupi, akavipindua vyote viwili, kisha akanyanyua kile kirefu na kunipa kikiwa kitupu. Ninuse! Nikanusa, kama mtu aliyealikwa harusini akaishia kwenye harufu ya pilau. Kilinukia maziwa yaliyochemka yakafanya utando. Nikachungulia dirishani kutafuta zizi. Hakuna hata mbuzi.

Na maji ya kwanza alikwisha kuyamwaga, eti yanaamsha majani. Mjomba angezimia.

Harufu hiyo ni ya jani lenyewe. Mche unaitwa Jin Xuan, umetolewa na kituo cha utafiti wa chai cha huku Taiwan mwaka 1981, ukapewa namba 12. Ukioteshwa mlimani, juu ya mita 1,000, kwenye baridi na ukungu mnaoujua ninyi, chai yake inateleza mdomoni. Wapo wajanja wanaotia manukato ya dukani. Mzee wangu hatii.

Kilichonishinda ni mashine. Sisi watu wa Bumbuli jani letu likifika kiwandani linakatwakatwa, mchezo umekwisha. Huku halikatwi. Linaanikwa juani, linaingizwa ndani, usiku linageuzwageuzwa kwenye nyungo za mianzi ili likwaruzike kingo tu, halafu linakaangwa. Kisha linafungwa furushi kwenye kitambaa na kuwekwa katikati ya magurudumu manne ya wima, yanayozunguka huku yakilibana mpaka linakuwa mpira mgumu. Mashine ya pili inalibiringisha. Nikajua tumemaliza. Mzee akafungua furushi, akatawanya majani, akayapasha moto, akayafunga upya. Kisha tena. Kisha tena, mpaka nikaacha kuhesabu. Mimi niliyemtambia kwamba nimezaliwa kwenye mashamba ya chai nilipewa kazi ya kufungua vitambaa, nikasinzia juu ya furushi mbele ya mkewe. Mwisho wake ni vidonge vya kijani. Vitie maji ya moto, linafunguka jani zima na kikonyo chake, vile vile unavyolichuma wewe, Mama.

Tena mashine zote zimo uani kwake. Analima, anakaanga, anakunywa. Sisi tunapima jani kwenye mizani, gari la kiwanda linaondoka nalo, kesho tunanunua pakiti dukani bila kujua imetoka kilima gani. Mama, umechuma chai tangu sijazaliwa, na ya shamba lako mwenyewe hujaionja.

Nawatumia gramu 150 za chai yake. Mjomba asiichemshe na tangawizi. Majani yale yale yatieni maji hata mara tano, na ikikosa rangi msiseme nimewatumia maji ya kuoshea vyombo. Anayetaka sukari atie, ila asiniambie. Nanyi nitumieni iliki. Maziwa huku yapo, sufuria ninayo, nimejaribu kuipika chai yetu; majirani wameisifu sana, nami nimewaambia bado sana, hawajamjua mpishi.

Mwanenu