Sifa za Kusita Nje ya Grosari

Ng'ombe wameimbiwa, maharusi wameimbiwa, hata treni ya umeme imeshapata wa kuisifu. Leo naomba nafasi nimsifu aliyesahaulika: Kusita. Nina maana kule kusita kunakomkuta mtu saa 12 jioni pale Kariakoo, mguu mmoja barabarani na mwingine juu ya mfuniko wa mtaro, grosari iko mbele yake, basi la kwenda nyumbani liko nyuma yake, na yeye hajui ageukie wapi.

Tuanze na ukoo, maana huyu ni mtoto wa watu. Baba yake ni Kiu, mama yake ni Mshahara. Mwisho wa mwezi wazazi wanapokuwa wote nyumbani, mtoto hana kazi. Mtu anaingia grosari kama anaingia sebuleni kwake. Ikipita tarehe 15, mama ameshasafiri na baba amebaki peke yake anagombana na kila mtu. Hapo ndipo Kusita anapoota ndevu na kushika usukani wa nyumba.

Anayeingia moja kwa moja haoni kitu zaidi ya kaunta. Anayesita anaona yote. Anaona viti vya plastiki ambavyo nembo ya bia imefutwa na migongo ya watu. Anaona friji la mlango wa kioo linalotoka jasho kuliko wateja. Anamwona kijana wa mishkaki akipepea jiko kwa kipande cha boksi, na moshi unakuja ulikosimama; ukihama, nao unahama. Ukutani pameandikwa kwa maka peni: LEO TASLIMU, KESHO MKOPO. Nimerudi kesho mara nyingi, nikakuta bado ni leo.

Kisha anapiga hesabu ya waliomo ndani. Kariakoo si mahali pa kujikalia tu ovyo. Klabu zote mbili zina makao yake humu humu, Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, kwa hiyo siku timu yako imefungwa haitoshi kuona kiti kitupu. Lazima kwanza ujue aliyekaa kiti cha pili ni wa rangi gani. Na kuna yule jamaa wa mezani karibu na mlango, bingwa wa kupiga mizinga. Salamu yake ni "Kaka, umepotea sana!" na ndani ya salamu hiyo mna chupa mbili, zote juu yako. Bila Kusita ningekuwa nimeitikia.

Wapo wanaosema zamani watu hawakusita. Kweli, na matokeo tuliyaona. Enzi za viroba vya pombe kali, pakiti ilikaa mfukoni, meno yakakata kona, na shughuli ikaisha kabla akili haijaitwa. Viroba vilipopigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017, sababu zilitolewa nyingi na nzuri, lakini iliyonigusa mimi haikutajwa: wanywaji walirudishwa kwenye chupa. Chupa inataka kiti, kiti kinataka uingie, na kuingia kunataka uamue. Kusita akarudishiwa ajira.

Adui yake mkubwa ni mwendokasi. Kabla mabasi hayo hayajaanza mwaka 2016, ujumbe wa "uko wapi?" ulikuwa na jibu moja la jiji zima: niko kwenye foleni. Ungeweza kusita nusu saa na foleni ikabeba lawama. Sasa basi lina njia yake, na mama watoto anajua linatumia dakika ngapi kutoka Gerezani kuliko anavyojua dereva. Tumebakiwa na masika. Bonde la Msimbazi likifurika na barabara ya Jangwani ikafungwa, usafiri unasitishwa. Umesikia lugha inavyokiri yenyewe? Unasitishwa. Siku hiyo ndugu yangu unasita kwa raha zako, na serikali inakusaidia.

Najua mtanirushia fisi na njia zake mbili. Fisi msimwonee. Alipasuka msamba kwa sababu alizifuata zote mbili kwa pamoja. Mimi sijafuata hata moja. Nimesimama tu.

Na gharama je? Bia moja ya mililita 500, hata ukiinywa kwa adabu, haifiki mbali. Kusita nimekunywa dakika 40 bila kutoa senti: harufu ya mishkaki bure, goli nimeliona bure kwa kuchungulia mabegani mwa watu, ugomvi wa bili nimeusikia tangu mwanzo hadi suluhu. Siku moja nilisimama muda mrefu hadi jamaa akadhani mimi ni mlinzi, akaniachia pikipiki nimwangalizie. Nikamwangalizia. Alitoka baada ya raundi tatu, akanipa shilingi 500 na kuniita mzee. Katika jioni zangu zote za baa, ni hiyo tu niliyorudi nyumbani na faida.

Juzi, tarehe 19, dada mhudumu alichoka kuniona. Akatoka na kiti, akakiweka palepale juu ya mfuniko wa mtaro, akakifuta kwa kitambaa.

"Kaka, kaa ufikirie vizuri. Miguu imekukosea nini?"

Nikakaa. Sikuwa ndani, sikuwa nje, na moshi wa mishkaki ulishanifikia. Nikaona huu sasa ndio usultani wa kusita. Dada akaingia, akarudi na kifungulio mkononi.

"Ya moto au ya baridi?"

Nikamwomba anipe dakika moja.