Fulana Zimefika Tunduma

Mtu wa Njombe anayefanya kazi Dar es Salaam akirudi nyumbani Desemba hapokewi na baridi tu, hupokewa na michango. Safari hii mchango ulikuja na raba: mbio za kilomita tano, siku ya pili ya Krismasi, ili timu ya sekondari ya jirani ipate jezi na nauli ya mashindano ya UMISSETA. Shangazi alikwisha kuniandikisha. "Si huwa unakimbia ufukweni huko, mwanangu?" Ufukweni, Shangazi, bahari iko miguuni. Njombe iko karibu mita 2,000 juu yake, na ukimaliza mlima unaona mwingine.

Fulana za washiriki zilichapwa Dar, zikapakiwa basi la usiku la kwenda Tunduma kupitia Mbeya. Zingeshushwa Makambako, Coaster ya asubuhi izilete kilomita sitini hivi zilizobaki. Sasa Makambako ni njia panda: kushoto Njombe na Songea, mbele Mbeya hadi mpaka wa Zambia. Basi likasimama, abiria wakachimba dawa, konda akagonga bodi, safari ikaendelea na fulana zetu. Kulipokucha mwenyekiti wa kamati akapigiwa simu kutoka Tunduma: "Mzee, mzigo wako uko mpakani huku. Unavuka?"

Basi tukapanga mstari na masweta, makoti na mabuti ya shamba. Tungeanza saa moja, ila mgeni rasmi alikuwa "njiani", neno ambalo kwa viongozi wetu huanzia kitandani. Vijana wa timu wakatuanzishia mchakamchaka wa kupasha misuli. Saa tatu gari lake lilipoingia, misuli ilikwisha kupata moto, ikapoa, na baadhi ya wakimbiaji walikuwa kwa mama ntilie wanakunywa chai. Alipuliza filimbi, akakimbia hadi mpiga picha aliposhusha kamera, akarudi kukaa chini ya turubai. Mvua ikaanza hapohapo.

Kwenye mlima wa kwanza nilipitwa na mama mwenye mtoto mgongoni. "Kamwene!" akanisalimia, bila hata kuhema. Nikamwitikia kwa mkono; pumzi ilikuwa na shughuli nyingine.

Nilipotokea uwanjani mshereheshaji alidaka kipaza sauti: "Akhwari wetu huyo!" Kumdhalilisha mzee wa watu. John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Olimpiki ya 1968 kule Mexico City, kwenye mwinuko unaozidi wa Njombe, goti limeumia na bandeji mguuni. Mimi nilikuwa nimebanwa kichomi tu, tena cha pilau ya jana.

Kwa kuwa fedha ilikuwa itokane na kuuza fulana, kamati ikaokolewa na mnada. Debe la viazi likaenda upesi. Jogoo ndiye aliyekuwa mtaji: kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena, na Shangazi alimpandisha bei mara mbili huku akinitazama mimi mfukoni. Mara kamba ikakatika. Jogoo akatoka nduki kuelekea stendi, timu nzima nyuma yake, mabeki wakiteleza kwenye tope mmoja baada ya mwingine. Kijana mmoja wa kandambili akawapita wote, akamdaka kwa mkono mmoja.

Kocha alimkimbilia, daftari mkononi, kumuuliza yuko kidato cha ngapi.

Darasa la tano.