Jinsi ya Kupoteza Harusi ya Watu Bila Kufuta Picha Hata Moja

Kupoteza kazi ya mteja kwa kuifuta ni ushamba. Mtoto yeyote akiachiwa kompyuta anaweza kufuta. Fundi aliyekomaa hafuti kitu: picha zote zipo, faili la projekti lipo, mashine inawaka, na bado mkanda wa harusi haufunguki. Ufundi huo chuoni haufundishwi, kwa hiyo soma taratibu.

Anza na imani. Amini kwamba faili la projekti ndiyo filamu yenyewe, wala usitishwe na udogo wake. Saa moja ya picha za 4K, zikirekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde, hula gigabaiti 45 hivi. Kamera tatu, kuanzia saluni hadi keki, na diski imelalamika. Faili la programu ya kuhariri ya Premiere Pro la kazi hiyohiyo, lile linaloishia na .prproj, aghalabu huwa na megabaiti chache tu. Hata kwa barua pepe linapita. Mwenye shaka angeuliza gigabaiti zote zile zimejikunja wapi. Wewe usiulize. Faili la projekti ni kama barua ya posa: bibi harusi katajwa kwa jina na nyumba anayokaa, ila ndani ya bahasha hayumo. Limeandika tu kwamba klipu fulani iko diski fulani, folda fulani, ianzie sekunde hii iishie ile, iongezwe mwanga kidogo, na chini yake upite wimbo.

Mbishi akitaka ushahidi, atanakili hilo .prproj, abadilishe mwisho wa jina uwe .gz, kisha alifungue kwa 7-Zip. Atakuta maandishi ya XML, mistari kwa maelfu, na katikati yake anwani za klipu. Picha hakuna. Kdenlive, programu nyingine ya kuhariri, hata haijifichi, faili lake linasomeka kwa Notepad. Na jambo hili si la jana: CMX, kampuni iliyoundwa na CBS na Memorex, ilileta mashine yake ya kuhariri, CMX 600, mwaka 1971, na mpaka leo programu kubwa za kuhariri zinasoma orodha za mikato za mtindo wa CMX 3600. Lakini haya ni mambo ya wasomi. Sisi tuna harusi ya kupoteza.

Tawanya mali. Picha za kanisani ziweke kwenye diski ya nje, za ukumbini deskitopu, za droni zipokee kwa WhatsApp zikiwa zimeshaminywa, na wimbo wa kuingilia maharusi uache kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, ile ambayo mdogo wako huisafisha akitaka nafasi ya gemu. Windows itakusaidia. Diski uliyoichomeka leo ikaitwa E, kesho ukitanguliza flashi inaweza kuitwa F, na projekti itakwenda kubisha hodi E. Hapo ndipo inapotokea ile skrini nyekundu ya Premiere, inayokuarifu kwa lugha kadhaa kwamba picha haipatikani. Wenye haraka huibofya klipu husika, wakaielekeza programu picha zilikohamia, na kazi ikaendelea. Usiwe na haraka.

Kwenye majina, usibadilishe chochote. Kamera nyingi za Sony huanza kuhesabu na C0001.MP4, na kamera tatu zinakupa C0001 tatu. Ziweke kwenye folda ziitwazo “kamera”, “kamera mpya” na “kamera mpya (2)”. Siku ya kuunganisha upya, Premiere kwa kawaida hulinganisha jina la faili. Ukiipa C0001 ya kamera nyingine ina kila sababu ya kuridhika. Matokeo yake ni matamu. Sauti ya viapo ilitoka kwenye rekoda ndogo ya mchungaji, kwa hiyo “nakubali” inasikika safi kabisa, huku skrini ikionyesha mama mmoja nyuma ya ukumbi akifunua sufuria la pilau na kufukuza moshi kwa kanga.

Diski ikijaa, futa nakala za akiba ambazo Premiere hujiwekea yenyewe kwenye folda ya Auto-Save. Ni ndogo ndogo, hazitapunguza kitu, lakini ndizo zingekuokoa umeme ukikatika katikati ya kazi. Mafaili ya kashe yaache yanenepe hadi makumi ya gigabaiti. (Hayo ndiyo yanayoweza kufutwa bila madhara, kwa sababu programu huyatengeneza tena. Usimwambie mtu.)

Pia sasisha programu usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Projekti ikishahifadhiwa na Premiere mpya, ile ya zamani iliyoko kwa mwenzako inaweza kuikataa.

Wanaotumia DaVinci Resolve wana raha zaidi: projekti inakaa ndani ya hifadhidata ya programu, hivyo unaweza kunakili folda nzima ya harusi, ukamkabidhi mwenzako kwa dhati ya moyo, na projekti isiwemo. Epuka tu kueksipoti faili la .drp, na zaidi ya yote folda ya .dra, maana yenyewe hubeba projekti na picha zake pamoja. Premiere nayo ina kipengele cha kukusanya kila klipu iliyotumika na kuinakili mahali pamoja na projekti. Kimekaa palepale kwenye menyu ya faili, miaka yote hii, kinasubiri mtu.

Miezi inapita. Simu inaita.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Ile video nzuri mno, Mungu akuzidishie. Sasa yule kijana wa meza kuu, mwenye suti ya bluu, tunaomba atoke.”

“Atoke vipi, mama?”

“Atoke tu. Mambo ya ukoo hayo.”

Fundi mwenye projekti na picha zake angeweka pembe ya kamera ya pili kila kijana anapotokea, angeeksipoti upya, na jioni angekuwa kwake. Kwako kinachofunguka ni MP4 ya mwisho peke yake. Humo wimbo na hotuba vimeshachanganyika kuwa sauti moja. Ukikata suti ya bluu, shangazi anaruka katikati ya neno na wimbo unachechemea. Ukimkuza bibi harusi ili kijana abaki nje ya fremu, anabaki na kiwiko cha kijana juu ya keki.

Mama akichoka atatafuta fundi mwingine; mpe projekti, naye atakupigia.

“Kaka, projekti nimeipata, inataka picha. Ziko wapi?”

Mjibu kwa upole, kama mtu mwenye mpangilio: ziko kwenye ile diski nyeusi. Akiuliza nyeusi ipi, mwambie ile iliyokuwa E.