Kupumzika kwa Kukunja Ngumi

Kwenye kituo cha afya walimfunga mashine mkononi, wakamwambia presha imepanda kidogo, haijafika ya kumeza dawa. Apunguze chumvi na ajifunze kupumzika. Mhasibu huyu wa Gongo la Mboto, mtu wa makamo asiyependa kushindwa, akanunua daftari, akapiga mistari, akaandika tarehe na safu ya maksi. Alitaka kupumzika kufikia mwisho wa mwezi.

Somo la kwanza lilikuwa la Edmund Jacobson, daktari wa Chicago aliyetoa kitabu cha kulegeza misuli mwaka 1929. Jacobson aliona kwamba mwenye wasiwasi hukaza taya, mabega na paji la uso bila kujijua, na kwamba misuli ikilegea, akili nayo hutulia. Zoezi lenyewe, jinsi linavyofundishwa siku hizi, ni rahisi: kaza sehemu moja kwa sekunde chache, achia, sikilizia tofauti, kisha nenda sehemu nyingine. Jacobson aliwafundisha wagonjwa wake kwa miezi. Bwana wetu alijipa safari moja ya daladala.

Ngumi zilipita salama. Mabega yalimgusa abiria wa kulia, akaomba radhi. Alipofika usoni, akafumba macho kwa nguvu, akakunja pua na kuuma meno, mama wa kiti cha jirani akapiga ukelele: “Jamani mpisheni, ana kifafa!” Kijana mmoja alishavua kandambili tayari kumnusisha. Konda akagonga bodi, gari likasimama. Jamaa akafumbua macho, akaeleza kwa upole kwamba alikuwa anapumzika.

Alishushwa Tazara. Nauli hakurudishiwa.

Wiki iliyofuata akahamia kwenye pumzi, akidhani pumzi haionekani. Kuna zoezi lililoenezwa na daktari wa Marekani, Andrew Weil: vuta hewa puani ukihesabu hadi 4, izuie hadi 7, itoe mdomoni hadi 8 kwa mvumo. Lina mantiki. Tukivuta pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, tukiitoa hupunguza, na anayeshika breki hiyo ni vagasi, neva ndefu inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Ndiyo maana kutoa huchukua muda mrefu kuliko kuvuta.

Konda alimfikia akiwa kwenye 5 ya kuzuia.

“Mzee, nauli.”

Akainua kidole, asubiriwe. Sita.

“Mzee, nauli! Huyu kanuna tangu Banana.”

Saba. Kisha hesabu nzima ya 8, kwa mvumo wake wote, ikamwendea konda usoni. Asubuhi hiyo, asema, alikuwa amekula kachumbari ya jana.

Barabara ikamshinda, akabaki na nyumbani. Herbert Benson wa Harvard, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alishauri mtu akae kimya dakika 10 hadi 20, achague neno moja na kulirudia kila anapotoa pumzi. Mhasibu akachagua “shwari”, akafunga mlango. Dakika ya sita LUKU ikaanza kulia. Shwari, tii. Shwari, tii.

“Baba watoto, umeme unaisha.”

“Shwari.”

“Nakuuliza, una hela ya kununua?”

“Shwari.”

Feni ikazimika. Aliyoyasema mkewe gizani hayakuingia kwenye daftari.

Benson aliweka sharti moja ambalo wengi huliruka: usijiulize kama unafanya vizuri. Ukilitazama daftari la bwana huyu utaona taabu ilipo. Jumatatu, “kupumzika: 3/10”. Jumanne, “2/10, ongeza bidii”, na chini yake mstari mwekundu uliochana karatasi.

Jumamosi jioni aliketi kijiweni, hasira zimemjaa, akapewa kahawa ya moto mno. Akaipuliza. Ilikuwa bado moto, akaipuliza tena, polepole, mdomo umechongoka, huku akisikiliza watu wakibishana kuhusu Simba na Yanga. Kikombe kile kidogo kilimtoa pumzi ndefu kumi na kitu kabla hajashtuka kwamba mabega yake yameshuka.

Akapapasa mfukoni kutafuta kalamu.

“Kaka,” muuza kahawa akamwambia, “hiyo imepoa zamani. Nikubadilishie?”

“Badilisha,” akasema. “Iwe ya moto kabisa.”